Wangeni ni Baraga

Ulikiona kitambaa, ukaangalia kando. Usinibishie, nilikuwepo. Uliingia kwa mama yangu kule Molo, ukakaribishwa, ukakaa kwenye kochi kubwa, ukaegemeza kichwa chenye mafuta juu ya kazi ya miezi minne, na macho yako yakaenda moja kwa moja kwa televisheni. Ulipomaliza chai ulipangusia mdomo pembe ya kitambaa. Nilikuona. Wakati mwingine ulikuwa mchungaji, wakati mwingine mwalimu, wakati mwingine ulikuwa unatafuta udiwani. Mara moja ulikuwa shemeji yangu. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza, "Mama, hii umeshona na nani?"

Huku kwetu juu, kiti alichokalia setla wa Kizungu kimezungushiwa kamba watu wasikikalie, na watoto wa shule wanapanga foleni kukitazama. Sawa, watazame. Lakini mwanamke aliyechuma pareto kwenye mashamba hayohayo tangu utotoni, kisha akaketi jioni kushona na vidole bado vinawasha, yeye hana kamba. Ana wewe na chai yako.

Na mimi pia siko nje ya hesabu hii. Mama alijaribu kunifundisha sindano nikiwa na miaka minane, nikaitupa kwenye majani ya ng'ombe, ng'ombe nusura aimeze. Nikasema hiyo ni kazi ya watu wasiojua kusema. Nimekuwa nikisema tangu siku hiyo, kwenye mabaraza, kwenye foleni za maji, kwenye ofisi ambazo zikiniona zinafunga saa sita badala ya saa saba. Na kitambaa kilikuwa pale pale mgongoni mwa kochi, kinanitazama.

Mama alituacha mwaka jana, mwezi wa tatu. Tumebaki watatu. Kaka yetu Ngigi yuko kwenye shamba huko Molo. Dada yangu Sue anaishi Nakuru kwenye nyumba yenye lango linalojifungua lenyewe. Mimi Wangare niko mtaa wa Bondeni, mjini humohumo, nauza viazi na vitunguu mbele ya mlango wangu. Mama aliacha sanduku la bati lililojaa vitambaa: vya makochi, vya stuli, vya kufunika redio, vya kufunika trei, kimoja cha kufunika kitambaa kingine. Sue alilichukua sanduku, akasema ataviweka vizuri. Sikukataa. Sue akisema ataweka kitu vizuri, huwa anakiweka vizuri mpaka hukitambui tena.

Ibada ya kumkumbuka mama ilipangwa Jumamosi. Jumatano ya wiki hiyo nilikuwa natoka kununua chumvi, nikapita kwa Namalwa, fundi wa nguo jirani yangu. Hapo juu ya meza yake, chini ya taa, nikakiona kitambaa kikubwa cha kochi. Namalwa alikuwa ameshika wembe.

"Namalwa! Weka hiyo kitu chini!"

Aliruka. "Haki wewe mama, utaniua na roho! Niweke nini chini?"

"Wembe. Na utoke hapo kwa meza."

"Dada yako ndiye alileta. Amesema nifumue maneno, niandike upya na mashini, kisha nikate mara tatu. Kila mtoto apate kipande, mtu wa fremu aweke kwa kioo. Mimi nimefanya nini?"

Nikueleze kitambaa hicho, kwa sababu ulikilalia na hukukisoma. Ni cheupe, kimetokana na gunia la pamba la unga wa ngano, lililochemshwa hadi maandishi ya kiwanda yakatoka. Kinatosha kochi la watu watatu. Ukingoni pote kuna maua madogo meupe yenye moyo wa manjano, na wageni wote husema ni mawaridi. Si mawaridi, ni maua ya viazi. Katikati, kwa uzi mwekundu, herufi kubwa za mishono midogo midogo:

WANGENI NI BARAGA

Ndiyo. Wageni ni baraka. Makosa mawili katika maneno matatu.

Nilimpigia Sue simu nikiwa nimesimama katikati ya Namalwa na meza.

"Sue, unakata kitambaa cha mama?"

"Sikati, nahifadhi. Kila mmoja wetu atakuwa na chake ukutani, kwa kioo, hakitaliwa na mende. Wewe ungekiweka wapi, chini ya vitunguu?"

"Na maneno? Kwa nini unafumua maneno?"

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

"Unajua kwa nini," akasema.

Najua. Mimi sisahau, hiyo ndiyo shida yangu na watu. Sue alikuwa darasa la saba mwalimu wetu alipokuja nyumbani kumwona mama. Alikunywa chai kwenye kikombe cha bluu chenye ufa, akala maandazi manne, akasoma kitambaa. Kesho yake akasimama mbele ya darasa akasema, "Jana nilikuwa wangeni kwa akina Susan. Nilikuwa baraga kubwa sana." Darasa likaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo hadi mtihani wa mwisho hakuna aliyemwita dada yangu Sue. Aliitwa Wangeni. Wavulana walimwita hivyo kisimani, wasichana walimwita hivyo kanisani.

"Jumamosi watakuja watu mia mbili," akasema Sue. "Watapiga picha. Sitaki mtu apige picha akimcheka mama. Hajafanya kitu kibaya, alikosa tu shule. Wacha nimrekebishie."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mtu asiyejali, kumbe anajali kuliko mimi.

"Nipe mpaka Ijumaa," nikasema.

"Ya kufanya nini?"

"Sijui bado."

"Ijumaa saa sita mchana. Mtu wa fremu anangoja. Ukichelewa Wangare, Namalwa anaanza, hata ukilala juu ya meza."

Nilipokata simu, Namalwa alikuwa amekipindua kitambaa anakitazama upande wa nyuma, uso karibu uguse uzi, kama mtu anayetafuta chawa.

"Mama yako alikuwa na mikono mingapi?" akauliza.

"Unamaanisha nini?"

"Hii kitambaa imeshonwa na watu wawili. Kuja uone. Hapa, kwa hii neno ya kwanza, kila mahali uzi inaisha kuna fundo. Fundo, fundo, fundo, kama mtu anafunga ndama. Sasa kuja kwa hii ya mwisho. Fundo iko wapi?"

Nilitazama. Hakukuwa na fundo. Ncha ya uzi ilikuwa imepitishwa chini ya mishono mingine ikafichwa, na nyuma palikuwa safi karibu kama mbele.

"Na hii NI ya katikati?" nikauliza.

"Hii NI hata sijui. Hii ni kama imeshonwa na kuku."

Nilikimbia nyumbani nikaleta kitambaa cha redio, kile mama alichonipa mkononi mwaka niliohamia Bondeni, na nina hakika alikishona peke yake kwa sababu nilimwona. Namalwa akakigeuza. Hakuna fundo hata moja. Ncha zote zimefichwa.

"Basi imeisha," akasema. "Mama yako alishona BARAGA. WANGENI ni ya mtu mwingine."

"Haiwezekani."

"Uzi haidanganyi, mama."

"Namalwa, nisikilize. Sisi Wakikuyu Kiswahili chetu kina ugonjwa wake na mimi naujua. Tunaongeza ng na mb mahali hazihitajiki. Gari ni ngari. Mama yangu alikufa akisema mbarambara. Kwa hivyo 'wangeni' ni ya mama, hiyo hata mtoto anajua. Lakini 'baraga'? K ikawa G? Huo si ugonjwa wetu. Wanaosema hivyo ni majirani zetu wa ng'ambo ya mto, Wakalenjin. Angekuwa mama angeandika MBARAKA."

"Na ingekuwa sisi Waluhya tungeandika PARAKA," akasema Namalwa akicheka mpaka akashika meza. "Lakini mimi sijasoma midomo, nimesoma nyuma ya kitambaa. Mwenye kuandika BARAGA ndiye aliyeshona hii ya redio yako. Sasa nenda ufikirie."

Nilienda nikafikiria. Sikuuza hata kiazi kimoja siku hiyo. Mteja alikuja akitaka vitunguu kilo moja, nikampa mbili. Mama alishona neno lisilo la mdomo wake, na mtu mwingine akashona neno lililo la mdomo wa mama. Ilikuwa kama kuona watu wawili wamebadilishana viatu.

Kisha nikamkumbuka mwanamke wa Alhamisi.

Alikuwa akija kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, akivuka daraja la magogo na beseni la bati kichwani, ndani yake nyuzi na maziwa. Tulimwita Mama Kimaiyo. Walikuwa wakiketi na mama kwenye nyasi nyuma ya jikoni, wakitazamana, kitambaa kimetandazwa magotini mwa wote wawili. Mimi na binti yake Jepleting tulikuwa tunapigana karibu na tangi la maji. Halafu ukaja mwaka wa tisini na mbili na Mama Kimaiyo hakuja tena.

Mnajua nini kilitokea mwaka huo wa kura, jirani alipomchomea jirani nyumba kwa ajili ya kabila. Lakini ninyi hamuuiti kwa jina. Mnasema "ile shida." Mnasema "wakati ule wa mambo mengi." Nyumba yetu haikuungua kwa mambo mengi, iliungua kwa moto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tulitembea hadi barabarani na blanketi mbili, na mama alikuwa amejifunga kitu cheupe tumboni chini ya sweta. Nilidhani ni hati ya shamba. Kumbe ni kitambaa. Tulirudi miaka mitano baadaye, tukajenga upya, kochi likanunuliwa, kitambaa kikarudi mgongoni mwake. Alhamisi hazikurudi.

Nikampigia Ngigi. "Mama Kimaiyo yuko hai?"

"Yuko. Huwa namwona sokoni na binti yake."

"Na huwa mnaongea?"

"Namsalimia kwa mbali."

"Kwa mbali ni wapi, Ngigi? Mnatenganishwa na nini, bahari?"

Alisema mtandao unasumbua.

Asubuhi yake, ambayo kwa bahati ilikuwa Alhamisi, dereva mmoja anayeniletea viazi alikuwa anarudi Molo na lori tupu. Nilipanda mbele nikiwa nimefunga kitambaa ndani ya leso. Nilimwambia Namalwa akiulizwa aseme amekifungia kabatini. Akasema hasemi uongo kwa jina langu, ila anaweza kusema amepoteza ufunguo wa kabati.

Daraja sasa ni la simiti. Nilipovuka nilitembea kama dakika kumi kati ya mashamba ya viazi yaliyochanua, ukungu haujaondoka, miguu imelowa hadi magotini. Mwanamke wa rika langu alikuwa anamalizia kukamua ng'ombe kando ya nyumba ya mbao. Alinyanyuka, akanitazama vizuri, ndoo mkononi.

"Chamge," nikamsalimu, maana hilo neno moja sikulisahau.

"Chamge mising," akajibu. Kisha akaweka ndoo chini. "Wewe. Wewe ni yule mtoto wa Mama Ngigi. Yule wa kuuma!"

"Nilikuuma mara moja tu."

"Mara moja? Alama iko hapa!" Akavuta mkono wa sweta. Alama haikuwepo, au ilikuwepo lakini ilihitaji imani. Tukasimama hapo tunacheka kama wajinga, kisha kicheko kikaisha.

"Tulisikia habari za mama yenu," akasema Jepleting. "Pole. Tulitaka kuja mazishi. Mama yangu alivaa hata viatu. Halafu akavivua."

Mama Kimaiyo, jina lake hasa Chepkosgei, alikuwa ameketi karibu na moto, shali mabegani. Ana miaka themanini na moja na macho yake yameingia maziwa. Nilijitambulisha. Nikafungua leso nikamwekea kitambaa magotini.

Hakukigusa mbele. Alikigeuza. Vidole vyake vilitembea upande wa nyuma polepole, vikapita maua, vikafika kwenye neno la kwanza, vikasimama.

"Hii ni fundo yangu," akasema.

"Ndiyo, Mama Kimaiyo. Nilikuja kuuliza."

"Mama yako alikuwa ananigombeza kwa hii fundo. Anasema, 'Wewe unashona au unafunga mbuzi?' Mimi namwambia, mbuzi yangu haipotei."

"Kwa hivyo WANGENI uliandika wewe."

"Mimi."

"Na BARAGA aliandika yeye."

"Yeye. Na hiyo NI ya katikati iliandikwa na huyu," akaelekeza kidevu kwa Jepleting, "alilia mpaka tukampa sindano. Ndiyo imepinda."

"Mama! Nilikuwa na miaka tisa!"

"Hata mwenye miaka tisa ana macho."

Nikasogeza stuli karibu. "Mama Kimaiyo, nisamehe, lakini sielewi. Wewe hungeweza kusema 'wangeni.' Na mama hangeweza kusema 'baraga.' Ilikuwaje kila mmoja akaandika kosa la mwenzake?"

Aliinua uso kunielekea kama mtu anayesikia mtoto akiuliza kwa nini maji yana unyevu.

"Wewe hujawahi kushona?"

"Hapana."

"Ndiyo maana. Ukiwa unashona uzi mwingine unashikwa na mdomo. Rangi mbili, tatu, ziko hapa kati ya meno. Huwezi kuongea. Sasa mwenye amepumzika ndiye anakusomea. Mimi nilikuwa nashona, mama yako ananisomea: wa, nge, ni. Naandika vile nasikia. Nikachoka, yeye akachukua sindano, mimi nikamsomea. Ba, ra, ga." Akatabasamu, meno matatu. "Yeye alifika darasa la tatu, mimi la pili. Kiswahili haikuwa ya mama yake na haikuwa ya mama yangu. Tuliokota hapo katikati."

Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nimeona makosa mawili. Sasa nilikuwa nasikia watu wawili.

"Kuna mwalimu alicheka," nikasema.

"Mama yako aliniambia. Nilimwambia, basi tufumue. Akakataa. Akasema, 'Nikifumua hii, siku huji nitakusikia wapi?'"

Jepleting alileta chai. Niliishika nikasahau kunywa. Nikakumbuka kochi lilivyokaa kule kwetu, kitambaa kikiwa juu yake, na mama akipitisha mkono mwisho wa mstari, kwenye BARAGA, kila akisafisha. Nilidhani anapangusa vumbi.

Lakini mimi sikuwa nimevuka mto kwa sababu ya uzi tu, na nisingejisamehe kama ningerudi bila kuuliza.

"Siku nyumba yetu ilichomwa, mwanao Kimaiyo alikuwa wapi?"

Jepleting akasema, "Wangare," kwa sauti ya chini.

"Mwache aulize," akasema mama yake. "Kimaiyo alikuwa hapa. Wenzake waliita jina lake huko nje, mara tatu. Mimi niliweka kiti mlangoni nikakaa. Nikamwambia, ukitaka kutoka, utaniruka. Hakuniruka."

"Na wengine?"

"Wengine walikuwa na mama zao. Uende uwaulize."

Moto ulipasua kuni. Nikauliza tena, kwa sababu sasa singeweza kuacha. "Basi tuliporudi, kwa nini hukuja?"

"Nilikaa nikasema, aliyerudi ndiye hupita akipiga hodi, tujue amerudi. Nikangoja."

"Na mama?"

"Wewe ndiye unamjua. Alikuwa anasema nini?"

Nilijua alichokuwa anasema, nilikuwepo. Alikuwa akisimama dirishani Alhamisi mchana na kusema kwa hewa, "Aliyechomewa ndiye huendewa." Nilidhani anasema habari za serikali. Miaka ishirini na saba walingojana, dakika kumi kwa miguu.

Nilimwambia. Alisikiliza, akakunja mdomo. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia: alikikunja kitambaa mara nne, akakiweka chini ya shali yake, kifuani.

"Mama Kimaiyo, hicho… dada yangu anakitaka kesho saa sita."

"Dada yako angoje. Ni zamu yangu."

"Zamu gani?"

"Mimi na mama yako tulikuwa tunabadilishana. Mwezi kwenu, mwezi kwetu. Mgeni akija huku, anasoma. Akija kwenu, anasoma. Huo mwaka kilikuwa kwenu. Zamu yangu ilikuwa inaanza Jumapili." Akapiga kifua mahali kitambaa kilipokuwa. "Ninyi mliondoka Ijumaa."

Ningemwambia nini? Kwamba mtu wa fremu anangoja? Nilitoka nje nikapiga simu. Sue alipokea ilipolia mara ya kwanza.

"Uko wapi? Namalwa ananiambia habari ya ufunguo, na huyo mwanamke hajui kudanganya."

Nikamweleza yote, nimesimama kwenye nyasi zilizolowa: mafundo, uzi wa mdomoni, kusomeana. Hakunikatiza, nikajua amekasirika kwelikweli.

"Kwa hivyo umempa," akasema.

"Sikumpa. Amechukua. Ni zamu yake."

"Wangare, huyo ni mama yetu. Hicho ndicho kitu chake cha pekee kilichotoka kwa ile nyumba. Nimekuomba kitu kimoja. Kimoja! Na wewe unakigeuza kuwa maandamano."

Nilikuwa na jibu, tena kali. Lakini mlango ulifunguka, na Mama Kimaiyo akatoka akiwa ameshikwa mkono na Jepleting, akanyoosha kiganja. Nikaweka simu ndani yake. Aliishika mbele ya mdomo kama kipande cha hindi la kuchoma.

"Wewe ndiye Susani?" akasema kwa sauti kubwa. "Mimi ni mwenye fundo. Sikiliza vile mama yako alinisomea."

Akalamba midomo. Kisha ikatoka sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba zaidi, ya haraka, na ilipanda mwishoni kama mtu anayeita kuku: "Wa! Nge! Ni! Wangeni! Andika wewe, unaangalia nini? Wa-nge-ni!"

Nikakaa kwenye nyasi. Hatuna sauti ya mama mahali popote. Hakuwahi kurekodiwa, aliogopa simu, alikuwa akiifunika na kitambaa.

Jepleting alidhani imekatika, akaichungulia.

"Mwambie arudie," Sue akasema.

Alirudia. Alirudia mara tano. Mara ya tano Sue naye alikuwa anasema pamoja naye, na nilisikia jina alilochekwa nalo miaka yake yote ya shule likitoka kwenye mdomo wake mwenyewe.

Nilirudishiwa simu. Sue alipenga kamasi kwanza.

"Hiyo zamu ni ya muda gani?"

"Mwezi."

"Na Jumamosi tutaweka nini ukutani?"

"Hatuweki kitu. Tunaweka watu wawili zaidi mezani. Wakikubali."

Alifikiria. Nilijua anahesabu viti.

"Basi mwambie asikifue na jiki," akasema. "Na asikianike juani, uzi mwekundu utatoka. Na Wangare, mwambie… hapana. Nitamwambia mwenyewe."

Walikuja Jumamosi. Mama Kimaiyo alivaa viatu na hakuvivua. Kitambaa alikuja nacho kifuani na akaondoka nacho, na hakuna aliyethubutu kukiomba, hata mchungaji. Mwezi wake unaisha tarehe ishirini. Sue amesema ataenda kukichukua mwenyewe, kwa miguu, na amekataa nimsindikize.

Sasa ninyi. Mna sufuria, mna sindano, mna picha, mna jina la mtu mliloacha kulitamka mwaka fulani. Mwenyewe yuko hai na macho yake yanafifia. Yeye anangoja upige hodi, wewe unangoja uendewe, na ninyi wote mnaita hiyo amani. Mpigie mama yako simu sasa hivi, umuulize alifanya kazi na nani na nani alimsomea. Akikutajia jina, usiseme utaenda baada ya mavuno, usiseme baada ya kura. Simama. Vaa viatu. Vuka leo, na ukifika, sema mwaka kwa jina lake, si "ile shida."